Muuza Vocha Hakufaa Kuwa Wakala

M-Pesa ilipoingia Tanzania Aprili 2008, Vodacom ilifanya kosa ambalo wachambuzi wetu bado wanalipita kimya: iliutegemeza mtandao wa mawakala kwa wafanyabiashara wa vocha. Kosa hilo lilionekana tangu siku ya kwanza kwa yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka.

Takwimu mnazijua. Kenya, miezi 14 baada ya uzinduzi wa Machi 2007, ilikuwa na watumiaji kama milioni 2.7. Tanzania, kwa muda uleule, ilifika takribani 280,000. Programu ilikuwa ya Vodafone ileile. Watetezi wakasema nchi yetu ni kubwa, na hatuna Nairobi yetu inayotuma fedha vijijini kwa wingi ule. Kuna ukweli hapo, lakini hautoshi kueleza pengo la karibu mara kumi.

Pigeni hesabu ya muuza vocha wa jumla. Ananunua mzigo, anausambaza, fedha inarudi, ananunua tena. Faida yake ni mzunguko. Floti inamtaka afanye kinyume: mtaji ulale, sehemu salio kwenye simu na sehemu keshi kwenye droo, ukimsubiri mteja ambaye hata hajasajiliwa, kwa kamisheni ndogo. Mfanyabiashara makini angeutoa wapi mtaji huo? Kwenye vocha zinazomlisha leo? Hakuutoa, wala simlaumu. Wa kulaumiwa ni aliyempa kazi isiyo yake.

Safaricom ya Kenya nayo ilianza na wauza vocha, mtasema. Ndiyo, lakini Safaricom ilishika zaidi ya robo tatu ya soko, na msambazaji aliyeiudhi alikuwa amejifungia duka. Ikawafundisha mawakala na kutuma watu wa kuwakagua mmoja mmoja. Hapa kwetu kibanda kilekile kiliuza vocha za Vodacom, Tigo, Celtel na Zantel, na mwenye kibanda hakuwa na sababu ya kumtii yeyote kati yao. Kwenye karatasi muundo ulikuwa uleule. Nidhamu iliyoushikilia kule ilibaki kule.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa taarifa. Mfumo wa M-Pesa hurekodi kila muamala uliokamilika, kwa sekunde na kwa shilingi. Haurekodi mteja aliyegeuzwa mlangoni. Mkulima wa Kibingo, kwetu Kagera, akifika kwa wakala msimu wa kahawa, wakati kila mtu anatoa na hakuna anayeweka, akaambiwa keshi hamna, anaondoka na hakuna alama yoyote inayobaki kwenye kompyuta. Meneja wa Dar es Salaam anaona miamala michache na kuhitimisha kwamba wateja ni wachache. Kumbe wateja wapo, wamerudi nyumbani mikono mitupu. Taarifa kama hiyo huletwa na mtu anayepita kijijini, na muundo wa 2008 haukuwa na mtu huyo. Juu kulikuwa na Vodafone Uingereza, chini yake Vodacom ya Afrika Kusini, kisha ofisi ya Dar es Salaam, kisha muuza jumla. Hakuna hata mmoja aliyelazimika kufika Kibingo.

Kagera tulikuwa na jibu la tatizo hilo tangu 1950, ilipoundwa BNCU, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba. Chini kulikuwa na chama cha msingi, chenye karani, mizani na stakabadhi, na karani alijua nani ana mibuni mingapi na nani atachelewa kuleta. Juu kulikuwa na chama kikuu chenye uwezo wa kusukuma fedha hadi kijijini msimu unapofika. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, na sitachoka kusema kwamba hasara ile hatujamaliza kuilipa.

Vodacom ilipojirekebisha, ilijenga kitu hichohicho kwa jina jingine. Wakaja mawakala wakuu, wanaosimamia kundi la mawakala wadogo, kuwatafutia floti, kuwapelekea keshi na kugawana nao kamisheni. Mtandao ukaenea, na watumiaji wakahesabiwa kwa mamilioni. Programu haikuwa tatizo: menyu ya Kiswahili, ujumbe wa kuthibitisha na fedha za wateja kutunzwa benki vilikuwa sawa tangu mwanzo.

Ugonjwa wenyewe, wa kupanga bila kumtazama mtu wa chini, haukuishia hapo. Vodacom ya Afrika Kusini ilizindua M-Pesa kwao 2010, katika nchi yenye benki na mashine za kutolea fedha kila kona, ikaifunga 2016. Kwetu, Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana mwaka 2014 wateja wao watumiane fedha moja kwa moja. Vodacom ilijiunga 2016. Aliyekuwa na wateja wengi alikuwa wa mwisho kufungua mlango, na gharama ya kuchelewa huko aliibeba mtumaji.

Agosti 2023 M-Pesa ilifika Ethiopia. Wanaoisimamia kule wasianze na programu, maana hiyo imeshapimwa. Waanze na mwenye duka wa kijijini: mtaji wake unalala siku ngapi, nani anampelekea keshi, na nani anaandika jina la mteja aliyekosa. Kampuni isiyo na majibu hayo bado haijawa tayari kuzindua.