Marehemu Sam Ntiro na Somo la Kukumbuka

Marehemu Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993, hutajwa kwanza kwa cheo chake: baada ya Uhuru wa 1961 ndiye aliyekuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Heshima hiyo ni haki yake, lakini yamfunika mwalimu. Kabla ya ubalozi alikuwa mwalimu wa uchoraji Makerere, na baada yake alirudi kufundisha, mara hii Dar es Salaam. Basi yafaa kuuliza alifundisha nini hasa, kwa kuwa wako wasemao kwamba hakufundisha lolote ila kubaki mtoto.

Maneno hayo yana chanzo. Shule ya uchoraji ya Makerere ilianzishwa na Bibi Margaret Trowell mwaka 1937. Desturi yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi jambo, nao wakalichora kama lilivyowajia akilini. Njia hiyo aliipata London kwa Marion Richardson, ambaye aliitumia kwa watoto wa shule wa Kiingereza. Ntiro aliipokea, na alipopewa kazi ya kufundisha palepale, akaishika. Watu katika picha zake ni wadogo, nyuso zao hazitofautiani, na vilima hupanda kimoja juu ya kingine pasipo kanuni ya umbali wafundishayo Wazungu. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa. Njia ya kuwafunzia watoto, wakipewa watu wazima walio chini ya utawala wa kigeni, ina hatari yake.

Lakini wanaoshutumu husahau mwaka 1952. Mwaka huo Ntiro alikwenda kusoma katika shule ya Slade, London, akakaa hata 1955. Kanuni za umbali na za kuchora mwili wa mtu hazikuwa siri huko. Alizisoma, kisha akarudi, na namna yake ya kuchora haikubadilika. Asiyejua na asiyetaka hawawi sawa.

Ushahidi mwingine, ambao wapenzi wa Kiswahili hawakupaswa kuuacha, ni kitabu chake kidogo, *Desturi za Wachagga*, kilichotoka mwaka 1953, yaani wakati yuko masomoni Uingereza. Mtu aliye mbali na kwao aliketi akaandika mambo ya kwao kwa Kiswahili, ili wasio Wachagga nao wayasome. Miaka mitatu baadaye, 1956, alichora picha ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la kisasa la New York. Jina la picha hiyo lingeweza kuwa kichwa cha habari katika kitabu kile. Mchoraji na mwandishi wanafanya kazi moja: kuhifadhi jambo ambalo watu hulifanya pamoja. Ndiyo sababu nyuso hazitofautiani. Anayekwenda na pombe si fulani wala fulani. Ni ukoo unaokwenda.

Kwa sababu hiyo picha hizo hazikomi Kilimanjaro. Mwanafunzi atokaye Kibimba, wilayani Ngara, upande wa pili kabisa wa nchi, hahitaji mkalimani wa picha ile. Migomba aijua, pombe ya ndizi aijua, na safari ya kwenda kwa wakwe aijua. Mkahawa wa London, hata uchorwe kwa umbali ulio sahihi, ungemtaka maelezo mengi zaidi.

Hata hivyo namna hii ina upungufu wake, nao hautibiwi kwa sifa. Kinachofanywa na wote hukionyesha vizuri. Kinachompata mmoja peke yake hakina mahali. Kama bibi harusi anafurahi au analia, kama kuna ndugu asiyekubali mahari, uso usio wa mtu hauwezi kusema.

Bibi Trowell alistaafu mwaka 1958. Cecil Todd akashika mahali pake, na mafunzo ya Kizungu yakapata nguvu zaidi. Ntiro alikuwamo bado. Hivyo kwa muda mfupi, mpaka alipoitwa kwenye ubalozi, mwanafunzi wa Makerere aliweza kuzikuta njia zote mbili chini ya paa moja, na mmoja wa walimu alikuwa mtu aliyezijua zote, akachagua.