Mbiu ya Mgambo na Kimya cha Lanet

Kila mtoto wa shule amekariri methali hii: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Walimu huifafanua juu juu, kisha hao, wanakwenda zao. Mimi naiona kuwa maelezo bora ya kazi ya kitengo cha habari cha jeshi. Mbiu ni pembe. Mgambo ni mwito kwa watu wote, na Tanzania neno hilo ni jina la askari wa akiba. Pembe ikishalia, lazima mtu asimame aseme hilo jambo lenyewe.

Pembe ilipanda hata kofiani. Beji ya King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, ilikuwa baragumu lenye nambari ya batalioni. Ishara hiyo ilitoka kwa vikosi vya bunduki vya Uingereza, vilivyopitisha amri vitani kwa sauti ya baragumu. Kwa askari wa Keya, naona, ilikuwa shaba ya kung'arishwa tu. Amri alizipata kwa KiKAR, Kiswahili cha kambini. Katika Vita vya Pili vya Dunia wakubwa walimchapishia magazeti ya Kiswahili, yakiwemo Askari na Heshima. Yatazame majina hayo: moja lamtaja msomaji, jingine lamwahidi kitu. Ujanja huo!

Sisi wa Nakuru tunaijua gharama ya mbiu isiyolia. Jioni ya Januari 24, 1964, wanajeshi wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles kambini Lanet walimngoja Waziri Mkuu Jomo Kenyatta atokee kwenye televisheni na tangazo. Hakutokea. Mwanahistoria Timothy Parsons anadokeza kuwa huenda hotuba ilipeperushwa redioni tu. Wanajeshi wakaasi. Manung'uniko ya mishahara yalikuwapo kabla, na siku nne nyuma wenzao wa Tanganyika walikuwa wameasi. Lakini kilichowasha moto usiku ule ni ujumbe uliopita njia nyingine.

Je, leo? Jeshi la Wananchi wa Tanzania hutoa taarifa kwa Kiswahili, na chini yake utasoma: Kurugenzi ya Habari na Uhusiano. Zetu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo kila mwanahabari hutafsiri mbiombio, kivyake. Baada ya shambulio la El Adde, Somalia, Januari 15, 2016, serikali haikutangaza idadi kamili ya wanajeshi waliouawa. Hapo hata tafsiri ya neno moja inauma. Mama wa Subukia akiambiwa mwanawe "amepotea", anaweza kuelewa kwamba kijana kakosa njia. "Ametoweka" laweza kusikika kama katoroka kazi. "Hajulikani aliko" ni refu, haliingii vizuri katika kichwa cha habari, lakini ndilo ningependa kitengo hicho kiliandike chenyewe, kabla sisi wengine hatujalibahatisha.