Risha ya Pembe

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Brazili, nchi inapopakana na Paraguay, ng'ombe hakuwa mali ya kuhesabiwa tu. Yeye ndiye aliyewapa watu nyama, ngozi, kazi, safari na hata vyombo vya matumizi yao. Aliyetangulia mbele ya msafara wa ng'ombe alipuliza baragumu la pembe ili makundi yafuate mlio wake, na jioni, msafara ulipotua, wachungaji waliketi kwa duara wakanywa mate, yaani majani ya mti wa huko yaliyotiwa maji baridi, kwa kikombe cha pembe vilevile, kikipokezanwa mkono kwa mkono mpaka kila mmoja amepata haki yake. Katika nchi hiyo Helena Meirelles, binti wa wafugaji, aliichonga pembe ya ng'ombe akaifanya risha ya kupigia gitaa, na kwa risha hiyo akafikia daraja ya ustadi ambayo wengi waliosomea muziki vyuoni hawakuifikia.

Alizaliwa mwaka 1924, shambani kando ya njia ya wapitisha ng'ombe, katika sehemu ambayo siku hizi ni jimbo la Mato Grosso do Sul. Baada ya vita vikuu vya Paraguay, vilivyoanza mwaka 1864 na kumalizika 1870, watu wengi wa nchi hiyo walivuka mpaka wakaja kutafuta riziki katika mashamba ya ng'ombe na misitu ya mate, nao hawakuja mikono mitupu, kwani walikuja na lugha yao ya Kiguarani, na polka zao. Basi mtoto Helena alikulia katika njia panda ya nyimbo: leo wamelala uani kwao wachungaji wa Kibrazili na viola zao, aina ya gitaa la kwao, kesho wamepita Waparagwai na magitaa yao, na kila kundi lilipoondoka liliacha wimbo mmoja au miwili katika masikio yake.

Lakini aila yake, iliyowakaribisha wapigaji hao kwa chakula na malazi, haikukubali binti yao ashike chombo. Muziki ulikuwa halali kwa mgeni na haramu kwa msichana wa nyumbani. Na sidhani kama msomaji wa pwani yetu ataona ajabu kubwa katika hukumu ya namna hiyo. Helena akajifunza kwa siri. Hakuwa na mwalimu wala kitabu, wala kusoma kwenyewe hakukujua; alikuwa na macho ya kutazama vidole vya wageni, na kumbukumbu ya kuvirudia walipokuwa wamekwenda zao.

Mtu asiyekijua chombo chenyewe huenda akadhani kuwa hilo ni jambo jepesi. Viola ya mashambani ya Brazili, ambayo asili yake ni Ureno, ina nyuzi kumi za chuma zilizopangwa mbili mbili, hata zikawa jozi tano. Katika baadhi ya jozi nyuzi zote mbili hutoa sauti moja, na katika nyingine uzi mmoja huwa juu ya mwenziwe kwa oktava nzima. Mpigaji hana budi kuzipiga zote mbili kwa pigo moja, kwa uzito mmoja, la sivyo mwembamba utapiga kelele na mnene utanyamaza. Fauka ya hayo, nyimbo za mpakani huchanganya hesabu mbili kwa wakati mmoja, besi zikienda tatu tatu ilhali sauti za juu zinakwenda mbili mbili, na mkono wa kulia ndio unaobeba ugomvi huo wote bila ya kuuamua.

Hapo ndipo ilipo hekima ya risha ya pembe. Risha ya plastiki ikigusa uzi wa chuma hutoa mlio mdogo mkavu kabla ya sauti yenyewe, lakini pembe iliyosuguliwa vizuri huteleza, ikapinda kidogo, ikauachia uzi kwa upole, na sauti ikatoka nene. Huisha upande mmoja kwa kadiri ya mkono wa mwenyewe, hata baada ya muda ikawa haimfai mwingine yeyote. Wapigaji wa udi waliozoea kuchonga manyoya ya ndege wakubwa watanielewa upesi kuliko mafundi wa madukani.

Alipokuwa na miaka 17 wazazi wake walimwoza. Ndoa ile hakuiweza, wala iliyofuata, na aghalabu watu waliosimulia habari zake hupenda kukaa hapa wakapamba: mwanamke peke yake na viola, akipiga katika mabaa na madanguro ya wachunga ng'ombe, mahali pekee palipomruhusu. Mimi sioni cha kupamba. Alifua nguo za watu, alikuwa mkunga, alizaa watoto kumi na mmoja na baadhi yao akawakabidhi kwa wengine wawalee; kwa miaka mingi ndugu zake hawakujua aliko, hata dada yake akamkuta yu mgonjwa, akamchukua hadi São Paulo. Ufundi haukumwondolea hata moja katika shida hizo, ila katika hali hizo zote haukumtoka vidoleni.

Alikuwa na miaka 67 alipopanda jukwaa la ukumbi wa michezo kwa mara ya kwanza. Jamaa yake mmoja akapeleka kanda ya upigaji wake Marekani, kwa jarida la Guitar Player, nalo mwaka 1993 likamtunuku tuzo. Ndipo Wabrazili wenyewe wakaanza kuulizana bibi huyu ni nani. Yasemwa kuwa jarida lilimvumbua. Kwa yakini lilichovumbua ni ujinga wa wasikilizaji, kwani wachunga ng'ombe walikuwa wakimjua tangu zamani, na upigaji ulioko katika kanda ile ulikuwa umekwisha komaa madanguroni.

Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1994, na Flor de Guavira, iliyopewa jina la ua la tunda la porini huko kwao, ikafuata 1996. Akafariki Septemba 2005, umri wake miaka 81. Ambaye hajapata kumsikia na aanze na vipande visivyo na mwimbaji, asikilize mara ya kwanza mkono wa kulia peke yake, namna unavyozishika jozi za chini bila ya kuharakisha hata wimbo unapokuwa wa mbio, kisha arudie kwa ajili ya mkono wa kushoto. Nyingi katika nyimbo hizo ni za mapokeo, naye alizipata kwa wapita njia waliolala uani kwao, ambao majina yao hayamo katika jalada lolote.