Ndimu, tangawizi, halafu ile dawa ya maji

Panda daladala Kisarawe siku ya joto, safari ya kwenda Kibaha. Kabla kona za Pugu hazijaisha utakuwa umeshasikia dawa zote za kutapika kwenye gari. Mama mmoja anatoa ndimu ya kunusa. Mwingine ana kipande cha tangawizi. Konda, ambaye anawaza viti vyake (rambo zenyewe zilipigwa marufuku Juni 2019), anauliza kwa nini hukumeza kidonge.

Ndimu sina ugomvi nayo. Inanukia vizuri kuliko dizeli, basi.

Tangawizi ina hadithi ndefu kidogo. Mwaka 1982 Mowrey na Clayson waliwafunga macho wanafunzi na kuwazungusha kwenye kiti. Waliomeza unga wa tangawizi walivumilia kuliko waliopewa dawa ya dukani. Wanaoisifia tangawizi huishia hapo. Mwaka 1991 Stewart na wenzake nao walitumia kiti cha kuzunguka, na hawakuona kinga yoyote. Halafu jamani, mtu aliyefungwa macho siyo abiria anayesoma meseji kwenye kona. Kichefuchefu cha gari kinatokana na ubishi: sikio la ndani linasema tunapinda, macho yaliyoganda kwenye simu yanasema tumetulia. Dereva anapita kona hizohizo na hatapiki, kwa sababu anaiona barabara na anajua gari litapinda lini. Kwa hiyo weka simu mfukoni, kaa mbele, tazama mbali. Ni bure, na sijui kwa nini ndiyo ushauri unaotajwa mwisho.

Kidonge ndicho kinachonikera. Siyo kwamba hakifanyi kazi. Promethazini inafanya kazi vizuri ukiimeza saa moja au mbili kabla ya safari. Ukisubiri mpaka mate yaanze kujaa mdomoni umechelewa, maana tumbo limeshapunguza kasi ya kusukuma vitu kwenda kwenye utumbo, na kidonge kinakaa palepale kikisubiri kutoka na chai ya asubuhi. Tena kinaleta usingizi. Timu inayotoka Kisarawe kwenda kucheza Kibaha ikimeza njiani, kipa atadaka nini?

Lakini usingizi huohuo ndio wazazi wengine wanaoutafuta. Mtoto anapewa promethazini ya maji, kijiko kimoja, "alale tu mpaka tufike". Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali: asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kudhoofisha pumzi yake hadi kumuua. Na kinachouma zaidi ni kwamba watoto wa umri huo, kwa kawaida, gari wala haliwasumbui.