Mizunguko Miwili ya Unyoya

Katika mito ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kuna nzi wa kuvulia trauti anayetengenezwa kwa vitu vitatu tu: ndoana, uzi wa hariri wenye rangi ya chungwa, na unyoya mmoja wa kahawia wenye madoadoa uliochomolewa mgongoni mwa kwale. Hana mabawa, hana mkia, hana chochote cha kumeta. Ukimweka mezani hafanani na mdudu yeyote, na asiyemjua atadhani kazi imeachwa njiani. Jina lake ni Kwale na Chungwa, na yeye na ndugu zake wote wavuvi wa huko huwaita buibui. Ninampenda kuliko nzi wa bandia wote niliowahi kuwatazama, na sababu ni huo upungufu wake: fundi alijua mahali pa kukomea, akayaachia maji yafanye yaliyobaki.

Trauti wa mtoni hula zaidi wadudu wanaokulia majini. Mdudu huishi miezi mingi akijificha chini ya mawe, kisha siku yake inapofika huachia jiwe na kupanda juu. Karibu na uso wa maji ngozi ya mgongo hupasuka, na mabawa hutoka yakiwa bado yamekunjamana. Kwa muda huo mfupi hawezi kuogelea sawasawa wala kuruka, na trauti analijua hilo. Hukaa kina kidogo chini ya uso wa maji na kumeza kinachopita. Anachokiona samaki ni kitu kinachohangaika, miguu ikitapatapa, mabawa nusu nje nusu ndani, na mwanga ukipenya mwilini. Kuuchonga mchafuko huo kwa mkono hakuwezekani. Lakini unyoya uliochaguliwa vizuri huuigiza wenyewe.

Unyoya wa shingo ya jogoo ni mgumu na hukataa maji, ndiyo maana hutumika kwa nzi wa kuelea juu. Unyoya wa kwale una tabia nyingine kabisa. Hunywa maji mara moja, na kila uzi wake mwembamba hutii mkondo. Maji yakisukuma kwa nguvu, nyuzi hulala nyuma na kuukumbatia mwili wa hariri. Yakilegea, hufunguka. Hulala tena, hufunguka tena, bila mvuvi kutikisa ufito.

Kazi huanza kwa nta. Fundi huuvuta uzi wa hariri mara kadhaa kwenye donge la nta ya washona viatu mpaka uanze kunata. Nta huufanya ushike chuma usiteleze, na pia huipoza rangi. Chungwa linalong'aa kwenye kibiringo hugeuka likawa na wekundu wa kutu, na likilowa hukolea zaidi, likawa kahawia nyekundu yenye uhai ndani yake. Kwa hiyo rangi ya kweli ya nzi huyu haionekani mpaka aingie majini, na fundi mzoefu huchagua uzi akiwa na picha ya uzi huo ukiwa umelowa. Kwa vizazi vingi hariri iliyotegemewa ilikuwa Gossamer ya Pearsall's, kampuni iliyoanza mwaka 1795. Utengenezaji wake umekoma, na wanaoupenda ufundi huu hutunza vibiringo vyao vya zamani wakipima kila sentimita. Nyuzi za kisasa za plastiki ni imara zaidi, ila hazibadiliki zikilowa kama inavyobadilika hariri, na kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa.

Kisha huja unyoya. Fundi hukwanyua manyoya laini ya shinani na kuyatupa, akaushika ncha, akazirudisha nyuzi zilizobaki kinyumenyume kwa vidole vilivyoloweshwa kidogo mpaka zisimame pembeni mwa uti. Urefu wake ndio unaopimwa kwa makini: zikiwa ndefu mno zitajikunjia kwenye mpindo wa ndoana, zikiwa fupi hazitacheza. Nyuzi zinazofika nyuma kidogo kuliko mwili zinatosha. Wengine hukwanyua upande mmoja wote wa unyoya ili hata ukizungushwa ubaki mchache.

Unyoya hufungwa nyuma ya tundu la ndoana. Uzi hushuka kuelekea nyuma, kila mzunguko ukigusana na uliotangulia bila pengo na bila kupandana, na husimama mapema. Mwili wa buibui wa kaskazini huishia karibu usawa wa ncha ya ndoana, haushuki kwenye mpindo. Uzi hurudi mbele, na sasa unyoya unazungushwa. Mara moja. Mara mbili. Hapo ndipo penye mtihani wote wa ufundi huu, kwa sababu unyoya mkononi bado una urefu wa kutosha mzunguko wa tatu na wa nne, na jicho la anayejifunza linautaka. Nzi mwenye mizunguko minne hupendeza dukani. Majini nyuzi zake hushikana zikawa ufagio, haziachi nafasi ya mwanga, haziwezi kulala wala kufunguka. Mizunguko miwili, pengine mmoja na nusu, halafu kichwa kidogo kadiri kinavyowezekana, fundo, mkasi. Kazi yote ni ya dakika chache, ila kuzoea kuacha unyoya mzuri ukatwe na kutupwa huchukua muda mrefu sana.

Wazee walioanzisha haya walifanya bila jiliwa. Walishika ndoana kwa vidole vya mkono mmoja na kuzungusha kwa mwingine. Ndoana zao nyingi hazikuwa hata na tundu: uzi ule ule wa hariri uliotengeneza mwili ndio uliofunga ndoana kwenye mshipi wa manyoya ya farasi au wa tezi za kiwavi wa hariri. Hariri moja ilibeba rangi ya mdudu na uzito wa samaki. Uchache ulitokana na haja ya kazi tangu mwanzo.

Huko Scotland, W. C. Stewart, mwanasheria wa Edinburgh, alichapisha The Practical Angler mwaka 1857. Alieleza buibui watatu, mweusi, mwekundu na wa kijivu, akasisitiza kuvua kwa kurusha kuelekea juu ya mto, nyuma ya samaki. Buibui wake mweusi, ambaye sifa zake alizielekeza kwa James Baillie, mvuvi aliyemheshimu sana, alikuwa na unyoya wa kwezi na uzi wa kahawia. Nampenda Stewart kwa uungwana huo wa kutaja aliyemfundisha. Yorkshire ilipata mkusanyaji wake mwaka 1885, T. E. Pritt alipoandika nzi wa mito ya kwao kwa michoro ya rangi, na kitabu kikatoka upya mwaka uliofuata kikiwa na jina la North-Country Flies. Humo wamo Kwale na Chungwa na Sululu na Zambarau, na pia nzi wa kukuziwa, mwenye uzi wa njano uliopakwa manyoya ya mnyama machache kiasi kwamba njano inaonekana chini yake kama iko nyuma ya moshi. Mwaka 1916 Edmonds na Lee, katika Brook and River Trouting, walitaja kwa usahihi hata unyoya utoke sehemu gani ya bawa. Baadhi ya ndege waliotoa manyoya hayo leo wanalindwa. Dotereli, ndege wa milimani aliyewahi kuthaminiwa mno na wafungaji wa nzi, sasa huachwa kwa amani, na unyoya wa kwezi hushika nafasi yake.

Kuvuka bahari, huko Pennsylvania, fundi wa vyuma aliyeitwa James Leisenring aliufikisha ufundi huu mahali pengine. Alisokota manyoya ya wanyama kati ya nyuzi mbili za hariri iliyopakwa nta, akiviringisha juu ya paja la suruali yake, ili mwili wa nzi uwe na rangi ya uzi ikichungulia ndani ya manyoya. Mwaka 1941 alitoa kitabu kuhusu hayo, The Art of Tying the Wet Fly. Njia yake ya kuvua ilikuwa kumwacha nzi azame, kisha kumwinua taratibu mbele ya samaki ili unyoya ufunguke kama mdudu anayepanda. Mwaka 1975 Sylvester Nemes akawarudishia Wamarekani hamu ya nzi hawa kwa kitabu kizima kuwahusu, wakati ambapo wengi walikuwa wamewasahau kwa ajili ya nzi wa kuelea.

Trauti wenyewe waliletwa Kenya mwaka 1905, mayai yakitoka Loch Leven, Scotland, na wakawekwa kwenye mto Gura katika safu ya Aberdare. Wapo hadi leo kwenye maji baridi ya huko na ya Mlima Kenya. Lakini uhusiano wa Kenya na ufundi huu uko zaidi mikononi kuliko mtoni. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa na karakana ambazo wafanyakazi wake, wengi wao wanawake, hufunga nzi kwa madazeni na kuwasafirisha Ulaya na Marekani. Mwingereza anayefungua kisanduku chake kando ya mto Wharfe, huko Yorkshire, huenda ametoa kazi ya mkono wa Mkenya.

Ninapofikiria kazi hiyo, mizunguko miwili ya unyoya hupata uzito mwingine. Mtu afungaye nzi wake jioni nyumbani anaweza kufungua fundo na kuanza upya. Anayefunga kwa dazeni, akilipwa kwa idadi, hana nafasi hiyo, na bado nzi wa kumi na mbili lazima alingane na wa kwanza: mwili uishie pale pale, kichwa kiwe kidogo vile vile, unyoya mzuri ukatwe na kutupwa vile vile. Pritt aliyakusanya maarifa ya wavuvi wa kando ya mito, na Stewart akamtaja Baillie, na kwa hiyo tunajua leo nani alifunga nini. Wafungaji wa Kenya nao wanajua mambo ya hariri na unyoya ambayo hayamo katika vitabu hivyo. Ningetamani sana kuona mtu akiketi nao, aandike kwa Kiswahili jinsi wanavyoshika unyoya na wanavyovuta uzi, na majina yao yawe juu ya kila ukurasa.