Kitabu Kimoja, Magitaa Matatu

Kitabu cha Mickey Baker cha gitaa la jazi hakina maneno mengi. Ukikifungua unakutana na michoro ya kordi, vidoti vyeusi juu ya nyuzi sita, na agizo fupi: zikariri hizi, zipige kwa mfuatano huu, kisha zihamishie ufunguo mwingine. Mwanafunzi habembelezwi. Kilitoka Marekani katika miaka ya 1950, na mpaka leo wapiga gitaa wengi wanakitaja kuwa ndicho mlango walioingilia. Mimi pia niliingilia hapo, na nathubutu kusema kwamba ni kitabu kizuri mno kwa watu wawili au watatu, na kigumu mno kwa mtu mmoja.

Aliyekiandika alikuwa na haki ya kukiandika. Baker alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1925, akalelewa katika nyumba ya yatima, akatoroka, akafika New York. Alitamani tarumbeta, pesa haikutosha, akanunua gitaa. Baadaye akawa miongoni mwa wapiga gitaa walioitwa sana studio, na mkono wake umo katika rekodi za Ray Charles na Big Joe Turner. Katika miaka ya 1960 alihamia Ufaransa, na huko ndiko alikofia mwaka 2012. Mtu aliyepata elimu yake kwa taabu haandiki ukurasa wa kupamba, na kila ukurasa wa Baker unakupa kazi ya kufanya usiku huohuo.

Sisi tunakisomea Kinindo, kusini mwa Bujumbura, jioni baada ya kazi, upepo wa ziwa ukianza kuingia. Mmoja wetu amekulia Buyenzi, vidole vyake vimelelewa na rumba na taarabu. Mwingine ni wa Uvira, ng'ambo ya pili ya Tanganyika, na sebene kwake ni lugha ya nyumbani. Mimi nilitokea kwaya, nikisoma solfa. Umeme ukikatika tunaacha amplifaya na kuendelea na gitaa kavu, na mara nyingi ndipo masikio yanapofunguka zaidi.

Kazi yenyewe huanzia kwenye njia ya kordi tatu ambayo nyimbo nyingi za jazi hupita: Re ndogo yenye saba, Sol yenye saba, kisha Do kubwa yenye saba. Ndani ya kordi ya kwanza kuna Re, Fa, La na Do. Ya pili ina Sol, Si, Re na Fa. Ya tatu ina Do, Mi, Sol na Si. Sasa tazama kinachotendeka. Do ya kordi ya kwanza inashuka nusu hatua na kuwa Si ya kordi ya pili. Fa inabaki mahali pake, inasubiri, halafu nayo inashuka nusu hatua na kuwa Mi ya kordi ya tatu. Hatua mbili ndogo, basi. Mpiga solo akizigusa kwa wakati wake, msikilizaji atazisikia kordi zote tatu hata kama hakuna anayezipiga.

Hili unaweza kulisoma na kulielewa kwa dakika tano. Kulisikia ni kazi ya miezi. Tunafanya hivi: mmoja anapiga kordi polepole, mdundo uleule, bila mapambo. Wa pili anaruhusiwa sauti hizo tu, Do kwenda Si, Fa kwenda Mi. Wa tatu hapigi kitu. Anasikiliza, na ikibidi anasema, "Hapo kwenye Sol umechelewa." Kisha zamu inazunguka. Wiki zikipita, anayeongoza anaruhusiwa kuongeza sauti za kupitia, moja juu, moja chini, mpaka siku moja unasikia kwamba kilichokuwa zoezi kimekuwa sentensi. Mtu akijifunza peke yake hujisamehe. Akikosea hurudia mwanzo, na akipenda huongeza mwendo ili kosa lipite upesi. Mbele ya mwenzake anayeshikilia mdundo hana pa kukimbilia.

Ndugu yetu wa Uvira ametufundisha jambo ambalo Baker hakuliandika. Katika sebene kordi chache zinarudi kwenye mzunguko, na uhuru wa mpiga solo umo katika wakati: kukivuta kifungu, kukikata, kukirudisha nusu pigo baadaye, mpaka wachezaji washindwe kukaa. Kwenye jazi ya kitabu ardhi inahama chini ya miguu. Chukua wimbo ambao wazee wengi wa Bujumbura wanaujua kwa jina lake la Kifaransa, Les feuilles mortes, muziki wa Joseph Kosma. Ukiupiga katika Mi ndogo, ile njia ya kordi tatu inapita kwanza Sol kubwa, halafu inageuka na kushukia Mi ndogo. Re iliyokuwa tamu katika Sol inagongana ukiishikilia juu ya kordi ya Si yenye saba, maana ndani ya kordi hiyo kuna Re diezi. Aliyezoea kukaa kwenye mzunguko mmoja hunaswa papo hapo. Lakini sisi wawili, tuliolijua hilo kutoka kitabuni, tulikuwa tunapiga sauti sahihi zisizokuwa na uhai. Yeye alizipiga chache, akaziweka mahali pake, na chumba kizima kikatikisa kichwa. Tangu hapo somo lolote la Baker tunalipiga kwanza juu ya mdundo wake.

Tena gitaa la jazi si mgeni huku kwetu. Django Reinhardt, aliyepiga solo zake kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto baada ya kuungua moto, alizaliwa mwaka 1910 huko Liberchies, Ubelgiji, nchi iliyokuja kututawala. Mbelgiji mwingine wa jazi, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1953 kufanya kazi katika studio ya CEFA, akaja na gitaa la umeme, na vijana wa mji ule wakaitazama mikono yake kwa makini. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, zikafuata Morogoro, Tabora na nyinginezo. Walipiga dansi na rumba zaidi kuliko muziki wa New York, lakini magitaa yao yalijua kuzungumza kwa zamu.

Na yupo Mwenda Jean Bosco. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Katanga mwaka 1952, akipiga wimbo wake Masanga kwa kidole gumba na kidole cha shahada huku akiimba Kiswahili. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa namna Mwenda alivyobuni papo kwa papo, akiandika nota za gitaa lile. Mara kwa mara nasikia watu wakisema kwamba mpiga gitaa wetu hupiga kwa kipaji tu na Mzungu hupiga kwa elimu. Kurasa zile za Rycroft zinatosha kuyazima maneno hayo. Kilichomo mle ni utaratibu: vifungu vinavyojulikana, vinavyogeuzwa kwa kanuni, na mtu anayechagua. Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Indianapolis, alifanya vivyo hivyo. Alijifunza kwa sikio solo za Charlie Christian kutoka kwenye sahani za santuri, akazipiga kama zilivyo, na baadaye tu ndipo alipoanza kusema yake, naye pia kwa kidole gumba.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana kwamba kanuni humsaidia anayebuni. Malenga anayejibu papo hapo anabanwa na mizani kumi na sita na vina viwili, na ubano huo ndio unaomfanya atafute neno ambalo asingelifikia. Baa 32 za wimbo hufanya kazi hiyohiyo kwa mpiga gitaa.

Zamu tunayoipenda kuliko zote ni ya kupokezana baa nne nne. Wa kwanza anasema, wa pili anajibu, wa tatu anashikilia kordi. Sheria ni moja: jibu lako lianzie pale mwenzako alipoishia, iwe ni sauti yake ya mwisho au mdundo wake. Hapo huwezi kuja na kifungu ulichokiandaa nyumbani. Lazima usikilize kweli. Na anayeshikilia kordi ndiye ninayemheshimu zaidi siku hizi. Anaweza kuacha nafasi ili mwenzake aonekane, anaweza kuongeza sauti moja juu ya kordi na kumfungulia njia ambayo hakuiona. Vijana wengi wanaokuja na gitaa wanataka solo siku ya kwanza. Wapewe kordi, wazishike vizuri mwaka mzima, na solo yao itakuja ikiwa na masikio.

Kama una gitaa, na kitabu cha namna hii kimelala kabatini kwako kwa sababu ulishindwa kuvuka kurasa za mwanzo, usikilaumu kitabu na usijilaumu. Tafuta mtu wa pili. Si lazima awe anajua kukuzidi. Ashike mdundo, na akuambie ukweli kwenye baa ileile ulipoteleza. Muanze na Re, Sol, Do, polepole.