Kupozwa polepole: nimesoma Burton Clark

Wenzangu, mimi ni mtu wa agronomi, udongo na mihogo njo mambo yangu. Kama leo naandika juu ya makala ya sosioloji, kosa ni ya mdogo wangu. Alifanya mwaka wa kwanza wa udaktari mara mbili, mara mbili jina lake likakosekana kwenye valve, kisha akaingia sosioloji. Juzi alinitumia makala kwa simu: "Yaya, soma, humu banazungumza juu yangu."

Ni ya Burton Clark, Mmarekani, ilitoka 1960. Alichunguza chuo kimoja cha miaka miwili kule San Jose, California, vile vyuo ambavyo mlango uko wazi kwa karibu kila mtu mwenye kumaliza sekondari. Wengi wanaingia wakisema watahamia chuo kikuu. Wengi hawahami. Swali la Clark: mbona hawapigi kelele?

Jibu lake njo lilinishika. Hakuna anayewaambia "hapana". Kuna mtihani wa kuingia, kuna mshauri mwenye kufungua faili na kuonyesha alama, kuna somo la kujijua na kuchagua kazi, kisha barua za onyo. Aliyetaka kuwa injinia anajikuta anasomea kuwa msaidizi wa injinia, na anaamini yeye mwenyewe alichagua. Clark anaita hiyo kupoza. Neno alilikopa kwa Erving Goffman, aliyeandika 1952 juu ya matapeli: wakiisha kumuibia mtu, mmoja wao anabaki kumtuliza ili asiende polisi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Lakini Clark anaandika kama mtu aliyekaa upande wa mshauri. Jamii inaahidi wote, nafasi ni chache, basi lazima kuwe na njia ya kutuliza watu. Sawa. Ila ni mtoto wa nani anapozwa? Hilo halimsumbui sana. Ilibidi kungoja Jerome Karabel, 1972, ndipo tabaka na rangi ya ngozi ziwekwe mezani wazi.

Na kwetu? Kwetu hawakupozi, wanakuchoma. Deliberasiyo inaisha, karatasi inabandikwa, unatafuta jina na kidole, unarudi nyumbani kwa miguu. Nilimwambia mdogo: afazali sisi, angalau hatudanganywi. Alikataa kabisa. "Yaya, wewe haukutafuta jina mara mbili. Mi ningetaka mtu mmoja tu akae na mimi dakika kumi, hata kama ni tapeli." Sikupata cha kujibu, na mpaka leo sijapata.

Kuna kitu kingine makala haioni. Kwa Clark, pale unapofikia ni badala tu, kitu cha kushika mkono baada ya kupoteza kile ulichotaka. Mdogo wangu angehesabiwa kati ya waliopozwa, nukta. Sasa wiki iliyopita ananiuliza kwa nini wakulima wa kijiji cha mama wanaacha mihogo bora tunayowapelekea na kurudia ile yao ya zamani. Nikaanza kumueleza habari ya ugonjwa wa mozaiki, mavuno, umbali kati ya mashina. Akanikatiza:

"Si hiyo, yaya. Mulishawauliza?"